Waliopanda na Waliopima: Historia ya Vilele na Barafu ya Mlima Kenya

Mlima Kenya umesimama kilomita chache kusini mwa mstari wa ikweta, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Batian, kina mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Ni mabaki ya volkeno iliyozimika zamani sana, iliyokuwa ndefu zaidi kuliko mlima unaoonekana leo. Nguzo za mawe zilizochongoka katikati yake ni lava iliyoganda ndani ya koo la volkeno hiyo, nayo ikabaki imesimama baada ya majivu na mawe laini yaliyoizunguka kumomonyoka. Kwenye mabonde na mianya inayozunguka nguzo hizo kumekuwako kwa karne nyingi mito ya barafu, yaani malundo ya theluji iliyorundikana mwaka baada ya mwaka, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe mpaka ikawa barafu ngumu, na kisha ikaanza kuteremka polepole kwa kufuata mwinamo wa mlima. Historia ya vilele hivyo imesimuliwa mara nyingi kama orodha ya watu waliofika juu kwanza, nayo ni orodha yenye mvuto wake. Lakini kumbukumbu hizo hizo zikisomwa kwa jicho jingine huonyesha kwamba kila msafara ulioacha ramani, picha au maelezo uliacha pia, bila kukusudia, ushahidi wa mahali barafu ilipokuwa imefika mwaka ule. Kwa sababu hiyo historia ya kupanda na historia ya kuyeyuka haziwezi kutenganishwa katika mlima huu.

Kabla ya wageni hao mlima ulikuwa na wenyewe. Wakikuyu, Waembu na Wameru walilima kwenye miteremko yake ya kusini na mashariki, Wamaasai walilisha mifugo katika nyanda za magharibi na kaskazini, na wawindaji na warina asali waliijua misitu yake ya mianzi na nyika ya baridi iliyo juu ya misitu hiyo. Kwa Wakikuyu na majirani zao vilele vyeupe vilikuwa makao ya Ngai, yaani Mungu, na mzee aliyesali aliuelekeza uso wake huko. Haikuwako sababu ya mtu kuyapanda mawe yale, na kutokuwako kwa sababu si sawa na kutokujua. Kwa hiyo kusema kwamba mlima huu uligunduliwa mwaka 1849, kama vitabu vingi vya zamani vilivyosema, ni kusema tu kwamba mwaka huo habari zake zilianza safari ya kuelekea kwenye majarida ya Ulaya.

Aliyezipeleka habari hizo alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiitumikia jumuiya ya kimisionari ya Kianglikana kutoka Rabai, karibu na Mombasa, na ambaye wasomaji wa Kiswahili humkumbuka zaidi kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Krapf mwenyewe alifika Kitui mwaka uliofuata, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu miongoni mwa Wakamba, ambaye misafara yake ilivuka nyanda zote zilizo kati ya pwani na mlima, na huko tarehe 3 Desemba 1849 akaviona kwa mbali vilele viwili vyenye weupe. Ulaya haikumwamini mara moja. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye elimu yake ya Afrika ilitoka vitabuni na kwenye mahojiano, alikuwa amekwisha kuidhihaki habari ya theluji ya Kilimanjaro, na hoja hizo hizo zilitosha kuitilia shaka theluji nyingine iliyodaiwa kuwa karibu zaidi na ikweta. Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851 kwa nia ya kufika mbali zaidi, lakini msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na mmisionari akaponea chupuchupu akirudi kwa miguu na njaa. Miaka 32 ilipita kabla ya Mskoti Joseph Thomson kuuona mlima huo kutoka upande wa Laikipia mwaka 1883 na kuthibitisha kwamba Krapf alisema kweli.

Misafara iliyofuata ilikuwa ya Wazungu kwa majina tu. Kwa hesabu ya vichwa na mabega ilikuwa ya watu wa pwani. Mhungaria Count Sámuel Teleki, aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wageni kupanda kupita msitu mwaka 1887 na kufika zaidi ya mita 4,000 katika bonde ambalo sasa lina jina lake, aliongozwa katika safari yake na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyezijua njia za Umaasai kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Teleki aliacha jina lake pia kwenye mmea mmoja wa ajabu wa mlima huo, lobelia yenye manyoya marefu inayosimama kama mkia wa mnyama katikati ya majani ya baridi. Jina la Kimemeta halimo kwenye ramani yoyote ya mlima.

Miaka sita baadaye akaja John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambaye safari yake ya mwaka 1893 inakumbukwa zaidi kwa kazi aliyoifanya kuhusu Bonde la Ufa. Gregory alikuwa na wapagazi wa Zanzibar, yaani wachukuzi wa mizigo waliolipwa kwa mwezi, na katika kitabu chake amesimulia kisa kimoja cha kambi ya juu ambacho kimerudiwa mara nyingi. Asubuhi moja wapagazi walimwendea wakasema kwamba maji waliyoyaacha kwenye vyungu usiku yamerogwa, kwani yamekuwa meupe, hayatikisiki, na mmoja wao aliyajaribu kwa fimbo ikakataa kuzama. Gregory alikiweka chungu kimoja motoni, watu wakakizunguka wakitazama, na barafu ilipoyeyuka walifurahi kwamba pepo ametoka. Lakini alipogeuza mgongo waliyamwaga maji yale wakateka mengine kijitoni. Gregory alikiandika kisa hicho kwa kicheko, na wasomaji wake walicheka pamoja naye. Msomaji wa leo anaweza kuona jambo jingine, kwamba watu waliozaliwa kwenye joto la Unguja, wakiwa wamevaa nguo za pamba, walikuwa wamelazwa mahali ambapo maji huganda ndani ya vyungu.

Gregory alipanda kupita kambi hiyo mpaka kwenye mto mkubwa wa barafu ulio kusini ya vilele, akauita Lewis kwa heshima ya Henry Carvill Lewis, mwanajiolojia Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa barafu za kale. Kubwa zaidi ni kwamba aliziona moreni, yaani matuta ya mawe na udongo ambayo barafu huyasukuma mbele yake na kuyaacha inaporudi nyuma, katika maeneo ya chini sana kuliko barafu ya wakati wake. Alifahamu mara moja kwamba zamani za mbali barafu ya mlima ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Huo ndio mwanzo wa elimu ya barafu ya Mlima Kenya, na inafaa kusisitiza kwamba ilianza na mtu aliyeshindwa kufika kileleni.

Aliyefaulu ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa nadharia zake za siasa za mabara. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi, na safari ya kuelekea mlimani iliyokuwa ya miezi ikawa ya majuma machache. Mackinder aliondoka Nairobi mwezi Julai akiwa na Wazungu watano, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Miongoni mwa Wazungu hao walikuwamo César Ollier na Joseph Brocherel, waelekezi wa kulipwa kutoka milima ya Alpi, ambao kazi yao ilikuwa kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka na kufunga kamba.

Msafara huo uliingia katika nchi yenye maafa. Mvua zilikuwa zimekosekana, ndui ilikuwa imeenea, na njaa ya miaka ya 1898 na 1899 ilikuwa inaua watu wengi Ukikuyu na Ukambani. Kununua chakula cha watu zaidi ya 160 katika nchi kama hiyo halikuwa jambo jepesi wala, kusema kweli, halikuwa jambo la haki. Wanakijiji hawakuwa tayari kuuza, vurugu zikazuka, na Waswahili wawili waliotumwa kutafuta chakula wakauawa. Wanahistoria waliosoma hati za msafara huo baada ya miaka mingi wamejadili pia ushahidi kwamba baadhi ya wapagazi waliuawa kwa amri za wakuu wa msafara wenyewe. Mackinder hakuichapisha habari kamili ya safari yake katika uhai wake. Shajara yake ilitoka kama kitabu mwaka 1991 tu, na pengine ukimya huo si wa bahati. Walionusurika waliokolewa na shehena iliyoletwa na Kapteni Gorges kutoka ngome ya Naivasha, naye akalipwa kwa bonde moja la mashariki kuitwa kwa jina lake.

Wakati hayo yakitendeka chini, Mackinder na waelekezi wake wawili walikuwa juu wakijaribu miamba. Jaribio la kwanza la mwishoni mwa Agosti lilikwama kwenye ukuta wa Nelion, kilele cha pili kwa urefu chenye mita 5,188. Tarehe 12 Septemba walivuka tena barafu ya Lewis, wakapanda ukuta huo mpaka giza likawakuta, wakalala kwenye mwamba. Asubuhi walikabiliwa na kipande cha barafu kinachoning'inia kati ya Nelion na Batian, chini ya mwanya ambao Mackinder aliuita Lango la Ukungu. Barafu hiyo ilikuwa ngumu mno hivi kwamba kila ngazi ilihitaji mapigo mengi ya shoka, na masafa waliyodhani yangechukua dakika chache yaliwachukua karibu saa tatu; ndiyo maana wakaiita Almasi. Saa sita mchana wa tarehe 13 Septemba 1899 walisimama juu ya Batian, wakakaa dakika 40, wakaanza kuteremka kwa hofu ya mawingu ya alasiri.

Majina aliyoyaacha Mackinder yanaeleza mengi kuhusu wakati wake. Vilele vitatu vikubwa alivipa majina ya viongozi wa kidini wa Kimaasai, Mbatian, Nelieng na Lenana, wa mwisho akiwa bado hai na mshirika wa serikali ya Kiingereza, ingawa waliokuwa wakiutazama mlima huo kila asubuhi wakisali hawakuwa Wamaasai. Mito ya barafu ilipewa majina ya wanasayansi wa Ulaya, Darwin, Tyndall, Forel na Heim, na miwili ikaitwa César na Joseph kwa ajili ya waelekezi wa Alpi. Mpangilio huo una mantiki yake ya wazi: mtu aliyekata ngazi alistahili barafu, na mtu aliyebeba unga, hema na kamba kutoka Nairobi hakustahili hata kijito. Ramani aliyoichora Mackinder, hata hivyo, ikawa msingi wa vipimo vyote vya baadaye, maana ilionyesha ncha ya kila mto wa barafu ilipoishia mwaka 1899.

Karibu miaka 30 ilipita bila mtu mwingine kufika Batian. Daktari John Arthur wa misheni ya Kiskoti ya Kikuyu alijaribu mara kadhaa katika miaka ya 1920 na kushindwa, akiacha picha ambazo leo zina thamani kwa wanaolinganisha hali ya barafu. Mwezi Januari 1929 kijana Eric Shipton, aliyekuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa, alipanda Nelion kwa mara ya kwanza katika historia akiwa na Percy Wyn-Harris, ofisa wa utawala, na wote wawili wakavuka mpaka Batian. Mwaka uliofuata alirudi na Bill Tilman wakapita ukingo wa magharibi, kazi ambayo kwa ugumu wake iliizidi ile ya Mackinder. Una Cameron, mwanamke wa kwanza kufika Batian, alifika mwaka 1938. Kwa wapandaji hao barafu ilikuwa njia tu, ya kukanyagwa ili kuyafikia mawe.

Mwaka 1934 waliwasili Wajerumani wawili wenye nia tofauti. Carl Troll na Karl Wien walikuja na kamera za upimaji, na mbinu yao ilikuwa ya kupiga picha za mahali pamoja kutoka pembe mbili zinazojulikana ili umbali na urefu wa kila alama uweze kukokotolewa kutoka kwenye picha zenyewe. Matokeo yake yalikuwa ramani ya kwanza ya Lewis iliyo sahihi kiasi cha kulinganishwa na ramani nyingine. Wien alifunikwa na poromoko la theluji kwenye mlima Nanga Parbat miaka mitatu baadaye, akafa pamoja na wenzake. Kazi yake ya Kenya imeendelea kutumika mpaka karne hii, kwa kuwa bila kipimo cha mwaka 1934 hakuna ambaye angejua kwa hakika ni barafu kiasi gani imepotea.

Katikati ya Vita vya Pili vya Dunia mlima ulipandwa na watu wasiokuwa na ramani wala ruhusa. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walikuwa Waitalia waliozuiliwa katika kambi ya mateka huko Nanyuki, mahali ambapo kilele huonekana vizuri kila kunapokucha bila mawingu. Kwa miezi kadhaa Benuzzi na wenzake walijitengenezea vifaa kwa siri: nyundo za kawaida zikafuliwa kuwa mashoka ya barafu, miiba ya kuvaa chini ya viatu ikatengenezwa kwa vyuma chakavu na waya za seng'enge, na kamba za katani zilizofungia nyavu za vitanda zikasokotwa kuwa kamba za kupandia. Mwongozo wao mkuu ulikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walitoroka mwezi Januari 1943. Barsotti akaugua na kubaki kambini juu, wengine wawili wakajaribu Batian kutoka kaskazini wakashindwa, kisha wakapanda Lenana, kilele cha tatu chenye mita 4,985 ambacho hakihitaji kamba, wakaisimika bendera ya nchi yao. Njaa ikiwa imewamaliza, walirudi kambini wenyewe wakajisalimisha. Mkuu wa kambi aliwahukumu siku 28 za kufungiwa peke yao, akawaachia baada ya siku saba. Kitabu ambacho Benuzzi alikiandika baadaye kuhusu safari hiyo kimewavuta watalii wengi kwenye mlima huu, na labda ndiyo maana wengi hufika wakidhani kwamba historia yake ni ya Wazungu peke yao.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949, chini ya sheria ya mwaka 1945 iliyokuwa imezaa kwanza Hifadhi ya Nairobi. Mpaka wake uliwekwa juu ya msitu, takriban kwenye kimo cha mita 3,200, ukizunguka nyika ya baridi, mawe na barafu, pamoja na vipande viwili vinavyoteremka kwenye njia za Naro Moru na Sirimon. Msitu wenyewe uliachwa chini ya idara ya misitu. Mgawanyo huo unaonyesha jinsi watawala walivyoufikiria mlima, juu kwa ajili ya burudani na chini kwa ajili ya mbao. Miaka mitatu baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na msitu ule ukawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau walioongozwa upande huo na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Msitu ulifanywa eneo lililopigwa marufuku, ndege zikaudondoshea mabomu, na handaki refu likachimbwa ukingoni mwake kwa nguvu za wanavijiji waliolazimishwa, ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Vitabu vya wapandaji huyataja mambo hayo kwa sentensi moja, kama usumbufu uliofunga njia. Kwa maelfu ya familia za Nyeri, Embu na Meru ndiyo historia yenyewe ya mlima, na mmoja wa makamanda wake, Musa Mwariama, hakutoka msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao, ambaye alikuwa amekwisha kufika Batian mwaka 1959 na hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo, aliipandisha bendera mpya ya taifa juu ya Lenana. Miaka kumi iliyofuata ilileta mageuzi katika namna mlima ulivyotembelewa. Mwaka 1970 Ian Howell, mpandaji aliyeishi Nairobi, alijenga kibanda kidogo cha bati juu kabisa ya Nelion: vipande vyake vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha juu ya ukuta peke yake kwa safari 13. Septemba ya mwaka huo Mwaustria Gert Judmaier alianguka akiteremka Batian na kuvunjika mguu vibaya, akabaki kwenye mwamba zaidi ya juma zima huku mwenzake Oswald Oelz na wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Kenya wakijaribu kumshusha. Helikopta iliyotumwa kusaidia ilianguka na rubani wake akafa, na mwishowe timu ya waokoaji iliyosafirishwa kutoka Innsbruck ikamfikisha chini akiwa hai. Shukrani za Waaustria ndizo zilizojenga kibanda kinachoitwa Austrian Hut, kwenye mita zipatazo 4,790 kandokando ya Lewis, ambamo wageni wengi hulala kabla ya kupanda Lenana alfajiri. Hifadhi nayo ikajiundia kikosi chake cha uokoaji, na mwezi Oktoba 1973 mkuu wa hifadhi Phil Snyder pamoja na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kupanda mwanya mrefu wa barafu ulio chini ya Almasi, njia ambayo kwa miaka 20 na zaidi ilihesabiwa miongoni mwa njia bora za barafu duniani. Leo sehemu yake ya chini mara nyingi ni mwamba mtupu, na Mathenge alipanda kitu ambacho wajukuu wake hawataweza kukipanda.

Katika miaka hiyo hiyo upimaji ulipata mtu wake. Stefan Hastenrath, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyewahi kufundisha Nairobi, alianza mwaka 1974 kuikusanya kila ramani na picha ya zamani, ikiwamo ile iliyopimwa na msafara wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958, na kuanzia mwaka 1978 mpaka 1996 akaipima Lewis kila mwaka. Kazi yenyewe haikuwa na mvuto wa kupiga picha: vijiti vilichomekwa ndani ya barafu, na baada ya muda urefu uliojitokeza juu ya uso ulionyesha kiasi kilichoondoka, na kiasi hicho kikalinganishwa na theluji mpya iliyoanguka. Tofauti ya viwili hivyo huitwa mizania ya barafu, na mizania ya Lewis ilikuwa hasi karibu kila mwaka.

Hastenrath alionyesha pia kwamba jambo hili lina sababu zaidi ya moja. Barafu ilianza kurudi nyuma mnamo miaka ya 1880, kabla ya hewa ya dunia kupata joto kubwa, wakati ule ule ambapo maji ya Ziwa Viktoria na maziwa mengine ya Afrika Mashariki yalipungua. Mvua zilipopungua mawingu nayo yalipungua, na jua la ikweta likaipiga barafu iliyokosa theluji mpya nyeupe ya kuurudisha mwanga. Joto lililoongezeka katika karne ya 20 liliongezea juu ya hapo. Ni vema kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu watu hupenda kutaja barafu ya mlima kama kipimajoto rahisi, na pia kwa sababu hupenda kusema kwamba ikiisha mito ya Tana na Ewaso Ng'iro itakauka. Ukweli ni kwamba barafu iliyobaki ni ndogo mno kuilisha mito hiyo. Maji yake hutoka kwenye mvua inayonasa katika msitu na nyika, na anayeijali Tana afadhali aangalie hali ya msitu uliokatwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na mito ya barafu 18, na kufikia mwisho wa karne ya 20 angalau saba ilikuwa imetoweka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, wakiongozwa na Rainer Prinz, waliipima Lewis upya, wakaulinganisha uso wake na ramani ya Troll na Wien, wakakuta kwamba tangu mwaka 1934 mto huo ulikuwa umepoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Mto wa barafu unaoitwa Gregory, uliokuwa umeungana nao upande wa kaskazini, ulikuwa unaisha, na katika muongo huo huo Lewis yenyewe ikakatika vipande viwili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika ripoti yake kuhusu Afrika iliyotoka mwaka 2021, lilikadiria kwamba Mlima Kenya utamaliza barafu yake yote mnamo miaka ya 2030, muongo mmoja kabla ya Kilimanjaro na Rwenzori.

Mageuzi hayo yamegusa njia pia. Wapandaji wanaotoka Austrian Hut kuelekea ukuta wa Nelion, ambao zamani walivaa miiba na kufungana kamba ili kuivuka Lewis, sasa hupita sehemu kubwa juu ya changarawe na mawe legelege yaliyoachwa na barafu, na chini yao liko ziwa dogo mahali ambapo Gregory mwaka 1893 alikanyaga barafu. Waelekezi wa Naro Moru na Chogoria, wengi wao wana na wajukuu wa wapagazi wa vizazi vilivyopita, wanaona mawe yakiporomoka mahali palipokuwa pameshikwa na baridi. Wapimaji nao wamefikia kikomo cha aina yake: vipande vilivyobaki ni vidogo kiasi kwamba picha za setilaiti hushindwa kuitofautisha barafu halisi na theluji ya jana au na barafu iliyofunikwa na mawe, hivyo pengo la makosa katika hesabu linakaribia kuwa kubwa kama kitu chenyewe kinachohesabiwa, na anayetaka jibu la uhakika hulazimika, kama Gregory na Mackinder, kupanda na kwenda kuitazama kwa macho yake.